Taiwan: Soko la Usiku na Mteja wa Kutegemewa

Habari za Taiwan zifikapo katika kurasa za magazeti yetu, aghalabu huwa ni habari za manowari, za ndege za kivita zilizoruka karibu mno na mwambao, au za viwanda vitengenezavyo vile vipande vidogo vya kielektroniki ambavyo bila ya hivyo simu na kompyuta za ulimwengu zingekuwa masanduku matupu. Ni haki habari hizo zichapishwe. Lakini msomaji aweza kuzisoma mwaka mzima asijue hata siku moja watu milioni 23 wa kisiwa hicho hula nini jua likitua, hulia wapi, na ni nani awapikiaye. Leo twataka kulitazama jambo hilo. Wala hatulitazami kwa kutaka kumpumzisha msomaji na siasa, kwani siasa imo humo humo sufuriani.

Taiwan ni kisiwa cha masoko ya usiku. Kila mji una lake, na miji mikubwa ina mengi. Baadhi yalizaliwa mbele ya mahekalu, pale watu walipokusanyika jioni kwa ibada na mazungumzo, na mwenye chungu cha supu akatambua kwamba mwenye kuomba dua naye huona njaa. Soko la Keelung, bandari ya kaskazini, hata leo huitwa kwa jina lenye maana ya Mlango wa Hekalu. Kisha vikaja viwanda. Mwaka 1972 Hsieh Tung-min, aliyekuwa gavana wa jimbo la Taiwan, alianzisha kampeni ya kuzigeuza sebule za watu kuwa viwanda. Akina mama wakashona nguo na kuunganisha vitu vya kuchezea watoto majumbani mwao kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Kwa fikira zetu, hapo ndipo soko la usiku lilipopata nguvu yake ya kweli. Mikono iliyokuwa ikipika ilishikwa na kazi nyingine, na banda la barabarani likawa jiko la pili la nyumba.

Mgeni afikapo Taipei, mji mkuu, kwanza hupelekwa Shilin. Hilo ndilo soko lenye sifa kuliko yote, na ndilo lenye msongamano kuliko yote. Mwaka 2002 wauza vyakula wake walihamishiwa katika jengo la muda, na Desemba 2011 likafunguliwa jengo jipya ambamo walipewa nafasi chini ya ardhi. Wakubwa wa mji walikuwa na nia njema: usafi, mifereji, vyoo, zimamoto. Hayo yote ni mambo ya haki. Lakini walaji hawakupenda kushuka ngazi kwenda kula katika joto na harufu iliyofungiwa, na wenyeji wakaanza kusema kwamba Shilin ni mahali pa wageni. Tangu hapo msemo huo umeenea juu ya masoko mengi makubwa ya kisiwa hicho.

Wageni, kwa hakika, walikuwa wengi. Kuanzia mwaka 2008 serikali za Beijing na Taipei zilikubaliana kuruhusu makundi ya watalii kutoka China Bara, na mwaka 2011 ruhusa ikatolewa kwa watu binafsi. Kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya milioni nne kutoka Bara waliingia Taiwan, nao walikuwa kama wanne katika kila wageni kumi. Mabasi yalisimama kwenye vinywa vya masoko, abiria wakashuka, wakala, wakanunua, wakapanda tena. Wachuuzi wakaongeza meza, wenye nyumba wakaongeza kodi, na vyakula vikaanza kufanana kutoka soko hili hadi lile: ngisi yule yule mkubwa wa kuchoma, kuku yule yule wa kukaanga mwenye ukubwa wa uso wa mtu. Ndipo mwaka 2016 Tsai Ing-wen alipoapishwa kuwa rais, Beijing isimridhie, na makundi yakaanza kupungua. Tarehe 1 Agosti, 2019, Beijing ikasimamisha kabisa vibali vya watu binafsi. Miezi michache baadaye ukaja ugonjwa wa korona, na mipaka ya Taiwan ikafungwa kwa walio wengi tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2022.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mtu mwenye kikaango kimoja na chupa mbili za gesi, ambaye riziki yake yategemea kalamu ya afisa aliye katika mji wa mbali asioupata kuuona, na ambaye ugomvi wa wakubwa hao wala haumhusu. Ndivyo walivyokuwa maelfu ya wachuuzi. Si wao waliochagua sera, lakini ndio waliokuwa wa kwanza kuilipia.

Hebu sasa tutoke Shilin twende upande wa kusini-magharibi wa mji huo huo, kwenye soko liitwalo Nanjichang. Maana ya jina lake ni Uwanja wa Ndege wa Kusini, kwa sababu katika zama za utawala wa Kijapani, uliodumu kutoka mwaka 1895 hadi 1945, palikuwa na uwanja wa ndege hapo. Soko lenyewe ni uchochoro mmoja, namba 307, unaotokea Barabara ya Zhonghua. Kwa miaka mingi halikuwa na kituo cha treni ya chini ya ardhi mlangoni pake; atakaye kufika alipanda basi, au alitembea kutoka Hekalu la Longshan. Kizuizi hicho kidogo, ambacho mwenye kupanga utalii angekiita kasoro, kimelifaa soko hilo kuliko tangazo lolote.

Anayeingia humo saa kumi na mbili ya jioni hakuti bahari ya watu. Anakuta wazee wenye mikoba ya kamba, wanafunzi waliovaa sare, mama aliyeegesha pikipiki yake mbele ya banda bila ya kushuka, akangojea mfuko wake na kuondoka. Pembeni mwa uchochoro yasimama majengo ya ghorofa yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zamani zile yalihesabiwa kuwa mfano wa makazi ya kisasa, na wageni wa serikali walitembezwa huko. Maarufu zaidi ni ngazi zake za mviringo zinazopanda kama konokono. Leo kuta zake zimepauka, na kila dirisha limeongezewa kizimba cha chuma ili chumba kidogo kipate shubiri mbili zaidi. Waliohamia mtaa huo wengi walikuwa askari na wakimbizi, baadhi ya watu zaidi ya milioni moja waliovuka bahari kutoka Bara pande za mwaka 1949, pamoja na maskini wa mashambani waliokuja mjini kutafuta kazi.

Historia hiyo yaonekana katika chakula, na hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwani bila ya kukijua chakula hatutaelewa ni kwa nini watu hawa hawakulikimbia soko lao. Kuna mikate ya ufuta ibandikwayo kwenye kuta za tanuri la udongo. Msomaji wa pwani aujuaye mkate wa mofa hatahitaji maelezo. Mkono wa mwokaji waingia katika moto ule ule kwa ujasiri ule ule. Mikate hiyo, pamoja na mandu na tambi za ngano, ni vyakula vya watu wa kaskazini mwa China walioletwa na vita. Lakini Taiwan ilikuwa nchi ya mchele. Kilichoieneza ngano mpaka katika vinywa vya wenyeji ni msaada wa Marekani, uliomiminika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1965, pamoja na serikali iliyohimiza watu wale unga ili mchele upatikane wa kuuzwa nje. Kwa hiyo mkate huo mmoja wa bei ndogo umebeba vita, uhamisho, na siasa ya misaada.

Karibu na hapo ni supu ya kuku iliyopikwa kwa mafuta ya ufuta na tangawizi nyingi, chakula ambacho mama aliyejifungua hupewa katika mwezi wake wa kukaa ndani. Katika supu hiyo hutiwa mvinyo wa mchele, na vyakula vingine vingi vya sokoni vina nyama au mafuta ya nguruwe. Msafiri Mwislamu apaswa kuuliza kabla ya kuketi. Kuna chapati nyembamba mfano wa karatasi, inayofungiwa kabichi, machipukizi ya choroko, na unga wa karanga uliotiwa sukari. Asili yake ni chakula cha siku ya kuzuru makaburi, mwanzoni mwa Aprili, lakini hapo yapatikana mwaka mzima. Kuna vidonge vya unga wa mchele wa kunata, ambavyo wakati wa joto huliwa juu ya barafu iliyoparuzwa na wakati wa baridi katika maji moto ya sukari.

Na iko tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyolowekwa katika maji ya mboga yaliyochacha hata ikatoa harufu ambayo humfikia mtu hatua thelathini kabla hajaiona. Mahali pengi huikaanga ili ukavu wa ganda uifunike harufu. Nanjichang wako waipikao kwa mvuke, na mvuke haufichi kitu. Watu huketi mbele yake kwa utulivu kama sisi tuketivyo mbele ya papa mkavu, ambaye naye hajapata kusifiwa na pua ya mgeni.

Kinywaji cha kuteremshia ni chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi vya kutafuna, ambayo tangu miaka ya 1980 imetoka Taiwan na kuenea duniani. Vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wainywao kwa mirija minene huenda hawajui kwamba vidonge hivyo ni unga wa muhogo. Tumesafirishiwa muhogo uliopambwa, tukaulipia bei ya mgeni. Hilo ni la kupita tu.

Tukirudi katika hoja yetu: mwaka 2015, mabasi ya watalii yalipokuwa yakijaza Shilin, hayakuwa yakipiga foleni katika uchochoro wa 307. Mwaka 2019, yalipotoweka, uchochoro haukuyatafuta. Ulipata taabu, hatukatai. Mnamo Mei 2021 serikali ilipokataza watu kula vibandani kwa sababu ya korona, masoko ya usiku yalifungwa au yakabaki kuuza chakula cha kuchukua tu, na wachuuzi wa kila mahali walikula akiba zao. Lakini ruhusa iliporudi, mteja wa Nanjichang hakuhitaji visa wala ndege. Alishuka ngazi zake za konokono akaagiza kile alichoagiza mwezi uliotangulia. Mahali pengine mteja huyo hakuwapo. Takwimu za serikali yao zaonyesha kwamba mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya milioni 11, na mwaka 2024, miaka miwili baada ya mipaka kufunguliwa, hawakufika milioni nane. Ilhali watu wa Taiwan waliotoka kwenda kutembea nje mwaka huo walizidi milioni 16. Na huko Hualien, pwani ya mashariki, tetemeko kubwa la tarehe 3 Aprili, 2024, lilipofunga njia na mbuga ya Taroko, soko kubwa la usiku la mji huo liliona meza zake zikibaki wazi, kwa kuwa walaji wake walikuwa watu wa kupita.

Wako watakaosema kwamba tunausifu umaskini. Hasha. Soko la Nanjichang halina msongamano kwa sehemu kwa sababu mtaa wake ni wa wanyonge, na mwenye fedha ana pengine pa kwenda. Wazee wengi wanaishi peke yao katika vyumba vidogo, na wapo watoto ambao chakula chao cha jioni hakina uhakika. Mwenyekiti mmoja wa mtaa huo aliona hayo akaanzisha ghala la chakula, ambamo vitu vilivyobaki salama madukani hukusanywa na kupewa walio na haja. Hayo yatuambia kwamba bei nafuu ya bakuli, ambayo kwa mgeni ni raha ya matembezi, kwa mzee wa ghorofa ya nne ndiyo tofauti kati ya kula na kulala. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara wa mwezi katika Taiwan kilikuwa dola 28,590 za huko. Mtu wa mshahara huo aweza kula Nanjichang kila siku kwa bakuli lisilofika dola 100. Katika hoteli za mtaa wa matajiri hawezi hata mara moja kwa wiki.

Basi hatari ya kwanza inayolikabili soko kama hili ni sifa. Mwaka 2018 kitabu cha Michelin, kitolewacho na kampuni ya Kifaransa itengenezayo matairi, kilianza kuuchambua mji wa Taipei, na katika orodha yake ya vyakula vizuri vya bei nafuu yakaingizwa mabanda ya masoko ya usiku, ya Nanjichang yakiwamo. Twafurahi mwokaji mikate wa kando ya njia kuheshimiwa sawa na mpishi mwenye kofia ndefu. Lakini foleni ya wapiga picha ikizuia kifungu cha njia, mama wa pikipiki hafiki tena kwenye mfuko wake. Na kodi ya banda ikipanda kwa sababu ya foleni, bakuli nalo hupanda. Karibu na hapo uko Mtaa wa Huaxi, uliopewa cheo cha soko la watalii mwaka 1987, na kwa miaka mingi wageni wakapelekwa kutazama nyoka wakichunwa. Wageni walichoka na nyoka, kama watu wachokavyo na kila kioja, na mtaa ukapoa. Mchezo wa kutazamwa una mwisho wake, lakini mtu hachoki na chakula cha jioni.

Hatari ya pili ni umri. Watoto wanaozaliwa Taiwan wamepungua hata mwaka 2024 hawakufika 140,000 katika watu milioni 23, na takribani mtu mmoja katika kila watano amefikia miaka 65 au kuzidi. Mwenye banda aamkaye alfajiri kuchemsha mifupa na kufunga saa tano za usiku amemsomesha mwanawe kwa chungu hicho hicho, na mwana amekwenda kufanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi. Nani atamlaumu? Baba mwenyewe ndiye aliyemtuma. Katika masoko mengi wanawake walioolewa kutoka Vietnam na Indonesia sasa wanauza vyakula vya kwao kando ya vile vya zamani, na huenda mapishi ya kisiwa hicho yakaokolewa na mikono ya wageni hao, kama mkate wa tanuri ulivyoletwa na wageni wa mwaka 1949. Serikali ya Taipei ingefanya vema kuwarahisishia njia ya kupata leseni. Wachuuzi wengi wa Taiwan hadi sasa hufanya kazi bila ya leseni kamili, mfuko mmoja wakiutenga kwa ajili ya chenji na mwingine kwa ajili ya faini.

Hatari ya tatu ndiyo iliyo kubwa, nayo ni nyundo. Majengo yale ya miaka ya 1960 yamezeeka, na katika kisiwa cha matetemeko jengo lililozeeka si jambo la kupuuzwa. Tetemeko la Aprili 2024 lilimkumbusha kila mtu. Mazungumzo ya kuyabomoa na kujenga upya yamekuwapo kwa miaka mingi. Sisi hatupingi. Hakuna supu iliyo tamu kiasi cha kumfanya mzee alale chini ya dari itakayomwangukia. Lakini sheria ya ujenzi mpya wa miji katika Taiwan huuliza ridhaa ya wenye majengo na ardhi. Mpangaji na mwenye mkokoteni hawana saini katika karatasi hiyo. Waweza basi kuamka asubuhi ukakuta kila mwenye haki ya kuulizwa ameulizwa, na soko halipo.

Wasomaji wetu waliokuwako Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania mnamo Oktoba 2021, wachuuzi walipoondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa maeneo yaliyotengwa, hawahitaji kufundishwa na Taipei kwamba biashara ndogo haifuati ramani, hufuata miguu ya watu. Taipei nayo isihitaji kufundishwa, kwani imekwisha kujifunza kwa gharama yake yenyewe pale Shilin mwaka 2011.

Kwa hiyo wakuu wa mji wa Taipei wana mambo machache ya kuyatimiza kabla ya tofali la kwanza kung'olewa. Majina ya wenye meza wa uchochoro wa 307 yaandikwe katika mpango pamoja na ya wenye vyumba. Mahali pao pa muda pawe umbali wa kutembea kwa mguu wa mzee, si wa basi. Sehemu watakayorudishiwa iwe juu ya ardhi, yenye upepo, na kodi yake ipimwe kwa bei ya bakuli la supu wala si kwa bei ya ghorofa mpya zitakazosimama juu yake. Na orodha hiyo ya majina ianze kuandikwa sasa, wakati wapishi wenyewe wangali hai na tanuri lingali na moto.